Vipande kwenye Mbao za Jibini

Adelaïde alishona nguo kwenye baraza ya nyumba ya mbao pale Kirolirwe, Masisi, kando ya barabara ambako soko hukusanyika kila Alhamisi. Katika wateja wake wote hakuna aliyemshangaza kama Mama Théophile. Wengine walileta kikwembe cha kitenge wakataka gauni au libaya, blauzi ya kuendea misa. Mama Théophile alitaka kile kinachobaki baada ya mkasi kupita.

Alikuwa mkulima wa maharage, mwanamke mrefu wa miaka sabini na ushee. Jina lake lilikuwa Nyiransengimana, na aliishi na mumewe, mzee Sebahire, juu ya kilima nyuma ya malisho. Siku ya soko aliteremka na bakuli la maharage kichwani, akaketi kwenye kigoda karibu na mashine, akavuta gunia la vipande lililokuwa chini ya meza. Mara ngapi Adelaïde alikuwa amemwambia achukue bure, maana vipande hivyo vingeishia kuwasha moto. Mama Théophile alikataa, akamimina maharage yake.

"Kitu ya kupewa unakamata vile iko," alisema. "Ya kununua, unachagua."

Na alichagua kweli. Alitandaza vipande mapajani kimoja kimoja, akavipikicha kwa vidole, akavinyanyua kwenye mwanga, akalowesha pembe moja kwa mate kuona kama rangi inatoka. Nailoni aliirudisha bila hata kuitazama. Waksi nzuri, ile pamba ya vitenge, aliinusa. Kuna siku alikaa tangu asubuhi hadi wauza ng'ombe wakaondoka, akaishia na vipande vitatu, kila kimoja kikitosha kufunika kiganja tu. Akavificha kikapuni chini ya majani ya sombe ili mumewe asivione, akapanda kilima kwa hatua za mtu aliyepata alichokifuata.

Adelaïde aliamini vinajaza mito. Hakuwahi kuuliza.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Mama Théophile hakuonekana Alhamisi ya kwanza, wala ya pili. Siku ya Jumamosi Adelaïde alifunga vipande bora vya wiki hizo mbili kwenye mfuko, akavua viatu kwa sababu ya tope, akapanda. Alimkuta mzee Sebahire anakaza uzio wa malisho yasiyo na ng'ombe hata mmoja.

"Bonjour, Papa. Mama iko?"

"Iko mu nyumba, binti yangu. Macho yake inakataa." Mzee alipiga msumari. "Umuletee ile vitu yake. Itamufurahisha."

Adelaïde alishtuka kidogo. Kumbe anajua.

Mama Théophile alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Mboni zake zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe. Alipokea mfuko, akaingiza mkono, akatoa kipande kimoja, akakitazama kwa muda mrefu sana, kisha akakiweka chini.

"Hii iko rangi gani?"

"Bluu, Mama."

"Mi niliona rangi ya majani," akasema taratibu. Kisha akashika ukuta, akasimama. "Kuya. Kuko kitu sijaonyesha muntu."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha mbao kilichosimama peke yake, na Adelaïde alikijua, kama kila mtu wa Kirolirwe alivyokijua. Zamani Sebahire alikuwa mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini, na chumba hicho ndimo zilimokuwa zikikauka, duara juu ya duara, kabla ya kusafirishwa Goma. Kisha vita vikaja, ng'ombe wakaswagwa wote kwa siku moja, na tangu hapo mzee hakutia tena mguu humo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Mama Théophile aliifungua kwa kupapasa.

Adelaïde alivuka kizingiti, akasimama, na kwa muda hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mbao za jibini zilipanda kuta zote nne kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, na kila ubao ulikuwa umejaa vitambaa. Vilikuwa vimeviringishwa vikawa maduara, ukubwa uleule wa fromaji, vikapangwa vimegusana, mamia kwa mamia. Upande wa mlango vilianza vyeupe na vya rangi ya maziwa. Kisha manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu za kila namna hadi ile inayokaribia kuwa nyeusi. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa kijani, ukiingia polepole katika bluu, hata mtu hawezi kuonyesha mahali ambapo moja imekoma na nyingine kuanza. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao, na kila ulipoangukia rangi iliwaka. Chumba kilinuka moshi, pamba, na kwa mbali maziwa yaliyoganda miaka mingi iliyopita.

Adelaïde alikuwa na miaka ishirini kwenye mashine. Aliwahi kuingia katika maduka makubwa ya vitambaa ya Goma, na mara moja alifika hadi Mubi, ambako malori ya msituni hushusha mizigo ya waksi mchana kutwa. Hakuwahi kuona kitu kama hiki. Alijikuta anaongea kwa sauti ya kanisani.

"Mama. Hii yote ulinunua?"

"Yote. Miaka thelathini na moja."

"Na Papa?"

"Nilikuwa namuficha. Alafu kila mwaka, mbele mvua ianze, nakuta bati ya hapa imetengenezwa. Hatuyaongeaka juu yake." Mama Théophile alitabasamu kidogo. "Ile siku walikamata ng'ombe, hizi mbao zikabaki bure. Sikuweza kuziona vile. Nikaweka kipande moja. Alafu ingine."

"Na hii vipande, umeshona bulangeti ngapi?"

Adelaïde aliona kwamba swali limemgusa kikongwe pabaya.

"Hata moja. Kila nikitaka kukata, naona kunapunguka rangi moja. Naenda soko kuitafuta. Nikiipata, inapunguka ingine." Alipitisha mkono kwenye ubao, akagusa maduara moja baada ya jingine. "Sasa macho njo hii."

Adelaïde alichomoa duara moja la manjano, akavuta kipande cha nje, akamwekea mkononi. Mama Théophile alikipikicha mara moja tu.

"Byukusenge. Harusi yake. Mvua ilinyesha mupaka muziki ikanyamaza."

Adelaïde akampa kingine, chekundu.

"Korali ya akina mama, ile mwaka askofu alikuya. Hii ya Habineza alileta toka Mubi, inakuwaka nguvu, ona vile iko nguvu. Hii iko ya mutoto wa Olga, alibatizwa nayo."

Akampa cha tano, cha sita, cha kumi. Vidole vile vilivyokomazwa na jembe havikusita hata mara moja. Watu wa Kirolirwe walikuwa wamekimbia mara tatu katika maisha yake, na kila mara walirudi wakakuta nyumba tupu, bila nguo, bila picha. Kumbe kila walichowahi kuvaa kilikuwa hapa, kipande kimoja cha kila nguo, kidogo mno kwa mporaji kukitaka, na mtu mmoja alikuwa anakumbuka.

Kisha akampa kipande cha manjano chenye ndege wadogo wa bluu. Mama Théophile alikishika kwa muda zaidi kuliko vingine.

"Hii iko ya mama yako," akasema.

Mama yake Adelaïde aliitwa Mukasine. Ndiye aliyeshona kwenye baraza ile kabla yake, na alifariki njiani wakikimbilia Ntoto, Adelaïde akiwa na miaka tisa. Haikubaki hata picha moja. Kwa miaka mingi Adelaïde alikuwa akijaribu kumwona uso, na uso ukawa unafifia kidogo kila mwaka.

"Alijishonea libaya," Mama Théophile aliendelea. "Mi nilikuwa nimekaa pale pale unanionaka. Akaivaa, kumbe mukono moja imepita ingine. Yeye, fundi ya Kirolirwe mzima. Alicheka mupaka akakaa chini, machozi ikatoka. Alafu akakata ile mukono murefu, njo mi nikanunua hii."

Adelaïde aliketi kwenye sakafu ya mbao. Alimsikia. Baada ya miaka yote hiyo alisikia kicheko cha mama yake, kile kilichoanzia puani, na uso ukaja pamoja nacho, mzima, na pengo dogo kati ya meno. Alilia bila kujificha, na Mama Théophile akamwacha alie, mkono wake mmoja juu ya kichwa chake.

Alipotulia, kikongwe alisema, "Unishonee. Mi nitachagua, weye utashona."

Jumatatu Habineza, jirani wa baraza, na mkewe waliipandisha mashine kilimani. Kuanzia siku hiyo Adelaïde alishona wateja wake asubuhi, na mchana akawa kwenye chumba cha jibini. Mama Théophile alichomoa vipande kwa kugusa, akampa, akasema kila kimoja kikae karibu na kipi. Hakufuata rangi. Alifuata watu. Adelaïde, ambaye alijua kazi yake, alivumilia siku tatu.

"Mama, hii nyekundu na hii chungwa zitapigana."

"Benyewe walikuwa wanapiganaka. Bakwe. Weka."

Akaweka. Aliweka bibi harusi karibu na mama mkwe, mapacha karibu na mkunga wao, mwanakorali mwenye sauti mbaya katikati ya korali. Vipande vya Masisi vilikaa kando ya vile vilivyotoka msituni Walikale. Siku nyingine walimaliza vipande thelathini, siku nyingine vinne, kwa kuwa kila kimoja kilikuja na habari yake na Mama Théophile hakuharakisha habari ya mtu. Adelaïde alikoma kubishana. Alianza kupanda kilima kwa haraka kuliko alivyokuwa akiteremka.

Mwishoni mwa mvua walikuwa wameunganisha upande wa juu wa blanketi wote, bado bila bitana. Hakuna nyumba iliyokuwa na sakafu ya kutosha kuutandaza. Basi Jumapili moja baada ya ibada waliutandaza malishoni, na Adelaïde akapanda juu ya jiwe ili auone mzima kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameogopa kuona fujo. Haikuwa fujo. Rangi zile alizodhani zitapigana zilikuwa zimekaa kama watu wanavyokaa sokoni, wengine wanasukumana, wengine wamegeukiana, hapa kumechangamka, pale kumetulia, na mahali popote jicho lilipokwenda lilikuta njia ya kuendelea. Fundi mwenye macho yote mawili asingethubutu kupanga hivyo. Yeye mwenyewe asingethubutu.

Watu waliokuwa wanarudi kutoka kanisani waliona rangi kilimani, wakapanda. Walisimama pembeni mwa kitambaa bila kukikanyaga. Kisha mmoja akainama, akagusa kipande. Mwingine akazunguka kwenda upande wa pili, haraka, kama aliyeitwa. Kanyamibwa, mkulima mjane ambaye hakuwa mtu wa maneno, alipiga magoti mbele ya kipande cha zambarau, akavua kofia yake.

"Iko kikwembe ya bibi yangu," alimwambia Adelaïde bila kuinua kichwa. "Ile alivaa tulipokutana. Nilisahau kama ilikuwa na maua."

Mzee Sebahire alikuja wa mwisho, kutoka upande wa uzio. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha alikwenda kusimama karibu na mkewe, mabega yakagusana.

"Ilitoka mule ndani?" akauliza.

"Mule ndani, baba."

"Mbao zilikuwa zinatosha?"

"Zilitosha."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo alitembea peke yake hadi chumba cha jibini, akafungua mlango, akaingia. Hakuna aliyemfuata. Alipotoka alikuwa amejifuta uso.

Wakati huo ukungu ulikuwa umeanza kuteremka mlimani, na matone ya kwanza yakaanguka. Watu waliinua kitambaa, wakajaribu kukikunja, wakashindwa. Kila aliyeshika pembe hakutaka kuiachilia. Basi wakakinyanyua juu ya vichwa vyao kama paa, watu zaidi ya arobaini, wakaanza kuteremka nacho kuelekea kanisani, hatua kwa hatua, kwa sababu nyasi zilikuwa zinateleza. Adelaïde alimshika Mama Théophile mkono, wakaingia katikati.

Chini ya kitambaa kulikuwa na mwanga wa namna nyingine. Jua lilikuwa bado halijafunikwa upande wa magharibi, nalo lilipita kwenye vitambaa na kushusha rangi juu ya kila uso, juu ya mashati meupe ya Jumapili, juu ya watoto migongoni. Ilisikika mvua ikigonga waksi, na miguu.

"Adelaïde," kikongwe alisema. "Niambie vile iko."

Adelaïde aliinua uso. Alitafuta maneno, na yaliyokuja yalikuwa madogo mno. Basi akaanza na mtu aliyekuwa karibu.

"Kanyamibwa iko zambarau mupaka kwa mabega," akasema. "Habineza iko majani, mukono moja tu. Mutoto wa Olga iko chini ya nyekundu ya korali, anajaribu kuikamata. Papa Sebahire iko mbele, anashika pembe."

"Na yeye iko rangi gani?"

"Zote, Mama. Anatembea, zinabadilika."

Mama Théophile alicheka kwa sauti ya chini, akaukaza mkono wake. "Endelea," akasema, na Adelaïde akaendelea, jina baada ya jina, njia nzima ya kuteremka.