Rivasi ya Saa Kumi na Moja

Mwaka wa 1984, kijijini kwetu Kwa Ndululu kulikuwa na magari matatu. Moja lilikuwa pikapu ya mchungaji, iliyokaa juu ya mawe manne tangu injini yake ipelekwe Machakos kutengenezwa. La pili lilikuwa Land Rover ya Bwana Jonah Nzuki, mkubwa wa Ofisi ya Ugavi. La tatu lilikuwa lori la Bedford la ofisi hiyohiyo, na dereva wake alikuwa Kisilu Mbuvi. Uwanja wa ofisi ulikuwa mpana kiasi kwamba ng'ombe mia mbili wangelala humo bila kugusana, kama tungekuwa bado na ng'ombe. Kwa hiyo hakuna anayeweza kueleza vizuri kwa nini jambo lililotusumbua zaidi mwaka ule, mwaka wa njaa, lilikuwa namna ya kupaki.

Jambo lenyewe lilitoka Nairobi. Bwana Nzuki alipelekwa kozi ya wiki mbili, na katika yote aliyofundishwa alirudi na moja tu: kwamba penye ustaarabu gari haliingizwi kwa kichwa. Linaingia kinyumenyume, likae likitazama barabara, tayari kwa dharura. Siku ya Jumatatu alichora mistari miwili ya chokaa mbele ya ghala na kubandika tangazo mlangoni. Tulilisoma sote, hata wale tusiojua kusoma, na kufikia saa sita tulikuwa tumegawanyika. Wazee wa kanisa waliona kuingia kwa makalio ni kukosa heshima, hasa kwa kuwa ghala lilitazamana na kanisa. Walimu waliona ni maendeleo. Kalondu wa hoteli ya chai alisema yeye hana gari, ila angekuwa nalo angeliingiza kwa ubavu, na kwa siku mbili watu wazima walijadili kama hilo linawezekana.

Kisilu hakujadili. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na miwili, na kuanzia Wote mpaka Kibwezi alijulikana kwa rivasi yake. Ilisemekana anaweza kulirudisha lori la tani saba ndani ya zizi na mbuzi wasiache kucheua. Alikuwa mtu wa maneno machache na majivuno mengi, na majivuno yote yalikaa shingoni, katika ule mgeuko wa kuangalia nyuma. Tangazo lile alilipenda kimyakimya.

Ijumaa ya kwanza alipeleka magunia arobaini ya mahindi ya manjano mlimani Kavumbu. Huko mvua ilikuwa haijanyesha misimu minne, na ndiko dada yake Mbula alikoolewa, akawa mjane, akabaki na watoto wanne. Aliyashusha magunia asubuhi, na saa kumi na moja jioni akarudi na lori tupu. Wanaume thelathini tulikuwa tunamngoja uwanjani. Kwetu dereva haachwi arudishe gari peke yake. Huo ni utovu wa adabu. Tulijipanga nyuma ya lori, kila mtu na mkono juu, tukaanza: "Kuja, kuja, katia kulia, kuja, nyorosha, kuja." Kisilu hakutusikiliza, lakini tulijiona tumefanya kazi. Lori liliingia mara moja, likasimama katikati ya mistari. Alipozima injini, magunia arobaini yalikuwa juu yake.

Yalikuwa yamefungwa vilevile, kwa kamba zilezile. Kisilu alishuka, akayahesabu, akasema, "Yamerudi." Bwana Nzuki alisema kama yamerudi basi yashushwe upesi, watu waende nyumbani. Tukayashusha. Kwa kazi ya kuelekeza rivasi kila mmoja wetu alipewa mahindi ya gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili. Yalikuwa na uvuguvugu, na yalinukia moshi wa kuni.

Fundi Gicheru, aliyehamia kwetu kutoka Nyeri na ambaye hutengeneza chochote kilicho na skurubu, alijilaza chini ya lori, akaangalia kwa muda, akatoka akijipangusa mikono.

"Gia iko sawa," alisema. "Inarudisha tu."

Tuliridhika. Jumapili Bwana Nzuki, ambaye ni shemasi, alisimama kanisani na kumshukuru Mungu kwa ghala lisilopungua, nasi tukasema amina. Ilikuwa amina nzito, ya watu walioshiba.

Ijumaa iliyofuata Kisilu alipofika Kavumbu, Mbula alimkaribisha kwenye kigoda, akamwuliza habari za nyumbani, akamwuliza habari za kila mtoto wake, kuanzia Nthenya, binti wa kwanza, kisha akaeleza.

"Baba Nthenya, ile Ijumaa tulipika. Tukakula. Watoto wakashiba mpaka wakaanza kugombana. Halafu saa kumi na moja chakula ikaisha."

"Ikaisha aje?"

"Imeisha tu. Sufuria tupu, tumbo tupu. Huyu mdogo alikuwa anatafuna. Akabaki anatafuna hewa."

"Nyinyi mkafanya nini?"

"Tukalala. Utafanya nini?" Mbula alimwondoa inzi usoni mwa mtoto. "Baba Nthenya, saa kumi na moja huwa unafanya nini huko?"

Kisilu alifikiri. "Huwa napaki," alisema.

Siku ile alirudisha lori vibaya. Alikanyaga mstari wa kushoto na kuliacha limekaa mshazari, mkia nje. Magunia yaliyorudi yalikuwa ishirini na sita. Sisi tulisikitika sana, si kwa ajili ya magunia bali kwa ajili ya rivasi. "Kisilu, hiyo gari inakaa kama mlevi," mmoja wetu alimwambia, na wengine tukacheka mpaka tukashikana mabega. Ijumaa ya tatu aliipinda zaidi, yakarudi kumi na tisa. Sasa tulikuwa tukimwigiza kwa mikokoteni sokoni. Kalondu alimshauri apimwe macho, na akakataa kumtoza kikombe cha chai, kwa huruma.

Ilimwuma Kisilu. Jina alilolijenga kwa miaka ishirini na miwili lilikuwa likimtoka mbele ya macho yake, na waliolishusha walikuwa watu ambao hawajawahi kushika usukani. Kila Ijumaa alipokaribia mistari ile, shingo yake ilitaka kulinyoosha lori yenyewe, naye akailazimisha isifanye hivyo. Kavumbu, watoto wa Mbula walilala na nusu ya chakula tumboni, ambayo ni zaidi ya hewa.

Alitwambia. Hilo lazima lisemwe, kwa aibu yetu. Alisimama mbele ya hoteli ya Kalondu, kofia mkononi, akasema, "Mkisema kuja, ni chakula ya Kavumbu inakuja." Tulimsikiliza mpaka mwisho. Tulikubaliana kwamba ni jambo baya sana. Kisha mwalimu mmoja akauliza kama, kwa maoni ya Kisilu akiwa mtaalamu, rivasi inafaa pia wakati wa matope, na mjadala ukaanza upya. Kisilu alivaa kofia yake akaenda zake.

Ijumaa ya nne aliingia kwa kichwa. Hatukuamini macho yetu. Tulikuwa tumekwisha kujipanga, mikono juu, naye akapita mbele yetu kwa mwendo wa pole, akaliingiza lori likitazama ukuta, akazima. Nyuma hakukuwa na gunia hata moja. Tulibaki tumeinua mikono bila kazi. Bwana Nzuki alitoka ofisini akalizunguka lori mara mbili.

"Umeingia na kichwa," alisema.

"Ndio, mzee."

"Sasa dharura ikitokea?"

"Dharura iko Kavumbu, mzee."

"Hiyo haiko kwa tangazo," alisema Bwana Nzuki, na hakusema kwa hasira. Alikuwa mtu mpole, na mahindi ya shukrani alitugawia kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo hakuwa na cha kugawa, na tulirudi nyumbani tukimlaumu Kisilu kwa moyo mmoja, walio wa rivasi na walio wa kichwa.

Jumatatu Kisilu alipewa barua ya kuachishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kupaki vibaya. Aliisoma, akaikunja mara nne, akarudisha ufunguo. Hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Alifunga virago akahamia Kavumbu kwa dada yake, ambako wiki ile nzima watu walikula asubuhi na jioni na kwenda haja kama binadamu wengine.

Dereva mpya aliitwa Kivuva, alitoka Wote, na leseni yake ilikuwa bado haijapata mkunjo. Rivasi yake haikuwa mbaya, ila kila mara alibakiza nje kama kiganja kimoja. Mahindi yalirudi karibu yote, lakini hayakurudi sawasawa. Kalondu alipokuwa akichagua kwenye ungo yale aliyonunua kwetu, alikuta punje yenye alama ya meno, meno madogo. Aliigeuza mara moja, akaitia chunguni pamoja na nyingine.

Watu wa Kavumbu walizoea. Ijumaa walipika mapema, wakala kabla ya saa sita, wakaenda kuchimba matuta wakati bado wana nguvu. Ikikaribia saa kumi na moja waliweka majembe chini na kuketi, ili wasianguke wakiwa wamesimama. Mzee mmoja alisema afadhali hii kuliko njaa ya zamani, ambayo haikuwa na saa. Kisilu aliketi nao, na kilichokuwa tumboni mwake kilipotoweka alijua ni nani aliyeshika usukani na amekosea wapi.

Baada ya miezi miwili alishuka kwa miguu. Alitoka Kavumbu alfajiri ya Ijumaa, akafika kwetu alasiri, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitaka kuzungumza na Kivuva, amwombe akanyage mstari, hata kidogo. Alichelewa, lori lilikuwa tayari linarudi nyuma, nasi tulikuwa tunaimba kila mtu wimbo wake, huyu kulia, yule kushoto, na Kivuva alikuwa anatoka jasho. Lori lilikuwa linakwenda upande. Kisilu alisimama mwisho wa mstari akalitazama. Lilikuwa linaingia vibaya, vibaya kabisa, jinsi alivyotaka. Ndipo mkono wake ukainuka.

"Wacha," alisema. "Nyorosha. Katia kulia kidogo. Sasa kuja. Kuja. Kuja."

Lori liliingia katikati ya mistari bila kubakiza hata kidole. Magunia arobaini. Tulipiga makofi, rivasi kama ile hatukuwa tumeiona tangu yeye mwenyewe aondoke. Kisilu aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, kisha akauingiza mfukoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeiba kwa mama yake. Bwana Nzuki, ambaye hana kinyongo, alimwita kwenye foleni akampimia gorogoro yake kama wengine. Kisilu aliipokea. Aliyafunga mahindi katika koti lake, na Jumamosi asubuhi akapanda nayo mlimani kwa miguu.

Mbula aliyapika. Saa kumi na moja ilipofika aliketi akikodolea sufuria, na watoto wakaacha kutafuna, wakangoja. Saa ikapita. Mahindi yalikuwa bado kwenye sufuria, na yaliyo tumboni yalikuwa bado tumboni. Hayakuja kwa lori, kwa hiyo hapakuwa na cha kuyarudisha.

Tangu siku hiyo Kisilu hushuka kila Ijumaa. Hujipanga nasi nyuma ya lori, kwa sababu asiyeelekeza hapewi gorogoro, na tangu aanze hakuna rivasi iliyoharibika. Watu wa Kavumbu hubaki na tumbo tupu saa kumi na moja, kwa mkono wake. Kesho yake hupanda na kilo mbili. Anazeeka upesi.

Siku moja mmoja wetu, ambaye si lazima atajwe kwa kuwa ndiye anayesimulia, alimwuliza, "Kisilu, mbona unajisumbua na hiyo mlima? Si ungoje lori ipeleke?"

"Ya lori inarudi," alisema Kisilu.

"Na ya miguu?"

"Ya miguu haijawahi kurudi."

Tulisikia sote. Tulikuwa wanaume thelathini, tuna miguu sitini, na kila mmoja alikuwa ameshika gorogoro yake, bado ya moto. Tulikubaliana kwamba hilo ni jambo kubwa ambalo haliwezi kuamuliwa hivihivi uwanjani, na tukaitisha mkutano Jumamosi. Jumamosi watu walifika wote, na mapema. Lakini asubuhi hiyohiyo injini ya mchungaji ilikuwa imerudi kutoka Machakos, pikapu ilikuwa imeshuka kwenye mawe yake, na ikabidi kwanza tuamue itaingizwaje.