Kiwanja Kilichozuia Mbu

Usingizi wa jana, jamani, haukuwa wa kawaida. Niliota nimesimama kwenye kile kiwanja kitupu kinachotenga Uzunguni na kwetu Uswahilini, nimevaa gauni la kulalia, nakiomba msaada.

"Kesho namwoza binti yangu Mwantumu," nakiambia. "Uchochoro wetu mwembamba, turubai haliingii. Wakwe wanasema kama hatuna pa kukalisha watu, harusi ihamie kwao. Mimi mama mzazi nikaalikwe kama mgeni? Thubutu!"

Kiwanja kikakohoa vumbi. "Pole, mama. Niko kazini. Mkoloni aliniweka hapa nizuie mbu wasiruke kutoka kwa Waafrika kuwapelekea Wazungu malaria."

"Mkoloni si alishaondoka?"

"Hakuniaga."

Mara tumo sebuleni kwangu. Kiwanja kimekaa mkekani, kimekunja miguu. Mbu anaingia, anatoa shikamoo vizuri tu.

Kiwanja kinashtuka. "Wewe! Umepitaje?"

"Nimepita wapi?" mbu anauliza. "Sisi kila jioni tunakula huku na huku. Hata mpimaji aliyekuchora, marehemu bibi yangu alimuuma usiku uleule. Alisema hana chumvi."

Kiwanja kikaangua kilio. "Kumbe miaka yote nimekaa mtupu bure, na watu wamebanana!"

Kwa kweli kilinitia huruma. Nikakimiminia chai ya tangawizi, kikanywa, kikapenga kamasi.

"Uchochoro wenyewe uko wapi?"

Nikakionyesha. Kikajikunyata, kikajipenyeza kati ya nyumba yangu na ya Bi Mgeni. Nyumba zikasogea, zinakiambia, "Karibu, jisikie uko kwako." Bi Mgeni akatoa kichwa dirishani akaniuliza kwa nini choo chake kinatembea. Nikamwambia alale.

Bustani za Uzunguni, zilizozoea kimya, zikapiga hodi kuuliza kama na zenyewe zimealikwa.

"Njooni," nikazijibu, "ila kila moja ije na kivuli chake."

Nikazinduka kwa zogo la nje. Kumekucha. Vijana wa turubai wamesimama uchochoroni, wanazozana. Kitwana, mkubwa wao, akanigeukia amenuna.

"Mama Mwantumu, si ulituambia hapa pembamba? Mbona kamba zetu hazifiki ng'ambo?"