Shuka la Kitani la Mama

Siku ya Ekaristi Takatifu, kila nyumba ya mtaa wetu wa wafumaji hapa Amiens hutundika kitambaa mbele, kuuheshimu Mwili wa Bwana mapadri wakipita nao. Nyumba isiyo na kitambaa hujulikana kuwa ni ya watu wa dini mpya, waliomkataa Papa. Mwaka juzi, nyumba mbili za namna hiyo zilivunjwa milango.

Kaka yangu Josse alikuwa ameifuata dini hiyo. Tuliishi tukitazamana, njia tu ikitutenga.

"Tundika hata tambara, kaka," nilimsihi.

"Niusujudie mkate, Perrine? Si bora nimsujudie mwokaji, yeye angalau hunisalimia!"

Alicheka peke yake.

Asubuhi ya sikukuu mwaka jana, kabla hajaamka, nilichukua shuka la kitani alilolifuma marehemu mama, nikalining'iniza dirishani kwake. Nikarudi mlangoni kwangu, moyo umetulia. Niliona nimemwokoa.

Wakapita wenzake wawili, wakaliona.

"Bwana Josse! Kumbe umesharudi kwa Papa? Basi Jumapili usikanyage kwenye Meza ya Bwana."

"Na jana kwenye zaburi alitushinda sote kwa sauti! Mwoga mkubwa."

Josse akatoka kichwa wazi. Akalitazama shuka, kisha akanitazama mimi.

"Dada, umenifanya nini?"

"Liache, kaka. Wakishapita nitaliondoa mwenyewe, nakuomba."

Kengele za maandamano zilikuwa zimeshakata kona, watu wamejaa njiani na mishumaa yao. Josse akapanda juu ya kiti. Akalifungua shuka bila haraka, akalikunja pembe kwa pembe kama mama alivyotufundisha, watu wote wakimtazama. Kisha akaanza kuvuka njia kuniletea.

Hakufika. Jiwe la kwanza lilirushwa na yule mwokaji.

Wenzake walimzika bila kengele wala sala ya marehemu, ndivyo dini yao inavyotaka. Mimi nilisimama mbali. Waliniruhusu jambo moja tu, kumvisha lile shuka.

Mwaka huu sikutundika kitu. Mwokaji alipita, akanisalimia kama kawaida yake.

"Dada Perrine, mbona nyumba iko tupu? Lile shuka zuri liko wapi?"

"Analo Josse," nikamjibu.