Skrubu ya Fundi Viatu

Miaka kumi na miwili sikugusa baiskeli. Niliteleza kwenye kona, mtulinga ukavunjika, na mke wangu akalala siku nne kwenye kiti pembeni ya kitanda cha hospitali. Mwezi huu daktari aliponiambia nifanye mazoezi, nikaiteremsha baiskeli yangu ya mbio kutoka darini siku hiyo hiyo. Mama watoto hakubishana. Alisema tu kwamba nikianguka mara moja, inakwenda kwa kaka yake. Nikakubali shingo upande, maana namjua shemeji, angeianikia nguo.

Wenzangu wa zamani wa baiskeli siku hizi wanatumia pedali zinazonasa kiatu. Chini ya soli kuna kipande cha plastiki. Ukikanyaga kinanasa, ukitaka kutoka unazungusha kisigino nje. Nikanunua, na kuzifunga sikutaka msaada wa mtu. Mimi ni fundi viatu. Kitu kikilegea kwenye soli mikono huniwasha. Kila pedali ina skrubu ya kukazia mnaso wa kiatu. Nikazikaza zote mbili mpaka zikagoma.

Jamani, raha niliyoipata! Nusu saa nzima nilijiona kijana, na kitambi changu juu.

Nikarudi hadi getini, mke wangu anafagia. Nikafunga breki, nikazungusha kisigino. Wapi! Nikajaribu cha pili. Wapi! Baiskeli imesimama tuli, nami nimo, tukaanza kulala upande polepole, hata nikawahi kumsalimia. Tukafika chini, puu.

Jirani aliyekuwa akiosha gari aligeukia ukuta kwa heshima. Nikiwa nimelala ubavu, mguu bado umenaswa, nikamwambia mke wangu ampigie kaka yake.

Alitupa ufagio, akapiga magoti, akaupapasa mtulinga wangu kabla ya kitu kingine chochote. Miaka yote nilidhani anaichukia baiskeli, kumbe alikuwa akinihofia mimi. Niliona aibu kubwa kuliko ya kuanguka.

Nikamweleza habari ya skrubu. Akachukua spana mfukoni mwangu, akauliza inalegezwa upande gani, akalegeza zote mbili hadi kiatu kikachomoka.

"Hii siihesabu," akasema. "Ulikuwa umesimama. Aliyesimama haanguki, anakaa chini vibaya."

Kisha akainua baiskeli.

"Panda nikushike, nione unavyotoka."

Nikapanda. Alikishika kiti kwa mikono miwili, na mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote.