Kifuko cha Nane

Nyumbani naitwa Komando. Kazini naitwa Dobi. Wanaosema kweli ni wa kazini.

Mimi ni mkunja miamvuli. Si miamvuli ya mvua, ni ile ya kurukia kutoka kwenye ndege. Ni kweli niko kikosi maalumu, nina kitambulisho, navaa bereti ileile, lakini makomando wenyewe ni wengine. Timu moja ya kwetu ina watu kumi na wawili, na kila mmoja amesomea kitu chake mpaka kimemwingia kwenye damu. Yuko mdunguzi, anayeweza kulala kifudifudi kutwa nzima akingojea risasi moja tu. Yuko wa baruti, yuko wa mawasiliano, yuko tabibu anayeufunga mshipa unaovuja huku amefumba macho, kwa kupapasa. Halafu kila mmoja anamfundisha mwenzake nusu ya anachokijua, ili akianguka mtu, kazi isianguke naye.

Mimi nilitaka kuwa wa mawasiliano. Kwenye mchujo tulipewa mwendo wa siku tatu na mzigo mgongoni. Siku ya pili nilikaa chini kando ya njia, nikavua kiatu kimoja, nikakitazama, na sikukivaa tena. Hakuna aliyenifukuza wala kunitukana. Tabibu wa timu ndiye aliyenikuta pale nalia, akanipa maji, akanifunga kidole, na mpaka leo hajamwambia mtu kwamba nililia. Baadaye nikapelekwa kozi ya miezi minne ya kukunja, na hiyo niliifaulu vizuri sana, maana hapakuwa na kutembea.

Mke wangu aliponiuliza kama nimepita, nilimjibu, "Niko kikosini." Sikudanganya, na ndio ubaya wenyewe. Yeye akampelekea mama yake habari, mama yake akaitia chumvi kwa mkono wa ukarimu, na nilipokwenda ukweni likizo nikakuta mkwe wao ameshavamia ngome mbili na kuokoa mateka. Nikajikausha. Nikala kuku wa ushujaa wa watu wengine.

Chumba chetu cha kukunjia kina meza ndefu, moja kwa kila mkunjaji. Juu ya meza una vifuko vinane vya turubai vilivyojazwa chembe za chuma, kila kimoja uzito wa kama nusu kilo ya sukari. Kazi yake ni kukandamiza mikunjo isifumuke wakati unapanga kamba. Ukimaliza mwamvuli unavitoa, unavihesabu, vikiwa vinane unatia sahihi kwenye kadi ya mwamvuli huo. Ukimaliza siku unavihesabu tena na kutia sahihi kwenye daftari la ukutani. Kikipungua kimoja, unasema. Ukisema, mlango unafungwa na miamvuli yote iliyokunjwa siku hiyo inafunguliwa, yako na ya wenzako, mpaka kipatikane. Kifuko kikibaki ndani, mwamvuli unaweza kugoma kufunguka, na aliyeuvaa atakuwa na sekunde chache za kuamua mambo mengi.

Nilishawahi kusema, mwaka juzi. Tulifungua miamvuli hamsini na mbili, kisha kifuko kikaonekana chini ya jiko la chai. Wenzangu walinisema miezi sita. Nikiingia tu, mmoja anainama kuchungulia chini ya jiko.

Basi siku ile ilikuwa Ijumaa. Kesho yake timu ilikuwa ifunge mafunzo ya mwaka kwa kuruka mbele ya familia, na mke wangu alikuwa anakuja na mama mkwe. Simu yake haikutulia. Waje na mtoto au wamwache? Wakae upande gani? Na mimi nitaruka wa ngapi, ili mama asimpigie makofi mtu mwingine? Nilikunja miamvuli mitano nikiwa na simu begani, na sitaficha: nilihesabu vifuko baada ya ule wa tano tu. Kadi zote tano nilizitia sahihi.

Vilikuwa saba.

Nilipiga magoti nikaangalia chini ya meza. Nikaenda mpaka kwenye jiko, nikajifanya namwaga majani ya chai. Hakuna. Wenzangu walikuwa wanavaa makoti waondoke, ilikuwa saa kumi jioni. Meza ya jirani yangu ni ya Mama Sindano, mshonaji wa kikosi, mwanamke wa miaka hamsini na nane aliyenifundisha kazi hii kuanzia kushika kamba. Yeye alishahesabu vyake na kutia sahihi daftarini, akatoka kunawa mikono. Nikanyoosha mkono nikachukua kifuko kimoja mezani kwake nikakiweka kwangu. Nane. Nikatia sahihi. Nilijiambia kile cha kwangu kitakuwa kimeangukia mahali, nitakitafuta kesho mapema, nitakirudisha chake kabla hajajua. Kichwani hesabu ilikuwa imenyooka kabisa.

Kesho yake nilifika mapema nikakuta malori yameshapakia miamvuli yote na chumba kimetiwa kufuli.

Uwanjani wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mama mkwe alikuwa amevaa miwani ya jua ya mke wangu. Alinipungia mikono yote miwili, nami nikampungia mmoja, kizembezembe, kama mtu ambaye kuruka kwake ni kama kwenda dukani. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba leo zamu yangu ni kusimamia wanaoruka. Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia.

Sasa, kikosini kwetu kuna desturi. Kabla ya kupanda ndege, mrukaji anasoma jina kwenye kadi ya mwamvuli wake, anamtafuta mkunjaji, anamsimamia usoni na kumuuliza, "Umenikunjia?" Mkunjaji anajibu, "Nimekukunjia." Basi. Hakuna anayepanda bila kusikia neno hilo. Na kando ya njia ya ndege kuna mlingoti wenye kitambaa chekundu. Yeyote kati yetu, hata mfagiaji, akikipandisha, hakuna anayeruka, na haadhibiwi hata kama amekosea.

Watano waliovaa miamvuli yangu walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mtu wa baruti. "Umenikunjia?" Nikasema nimemkunjia. Wa pili alikuwa mdunguzi, tunamwita Kimya, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kiganja. Alinitazama kwa yale macho yake ya kupima umbali. "Umenikunjia?"

"Nimekukunjia."

Wa tatu. Wa nne. Mdomo wangu ulikuwa unajibu wenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiusikiliza. Wa tano alikuwa tabibu.

"Dobi wangu," akasema anacheka, "mbona leo umekunja na uso? Haya, umenikunjia?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kicheko chake kikapungua. Hakuniuliza mara ya pili. Nikageuka nikakimbia kwenye mlingoti, nikavuta kamba mpaka kitambaa kikafika juu.

Tulifungua miamvuli yangu mitano palepale chini, mbele ya watu. Kwenye wa Kimya, mkunjo wa nne ulipofunuka, kifuko kikaanguka kwenye lami kwa kishindo kidogo. Watu wote walikisikia.

Nilijua sasa nitatukanwa. Badala yake mkuu wa chumba cha kukunjia, afande mmoja mrefu mwenye sauti inayovuma kama ndani ya bomba, alinikumbatia. "Ulijuaje?"

Pale ndipo pangekuwa mwisho wa maneno. Ningesema sentensi moja tu. Lakini mabenchi yalikuwa yamesimama, mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele, na mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili, ananitazama kama siku ile tulipooana.

"Machale yalinicheza, afande," nikasema.

Kimya alikuja akanishika mkono. Aliushika muda mrefu. Kuanzia siku ile hakuniita tena Dobi.

Mchana ule vifuko vya chumba kizima vikahesabiwa. Mezani kwangu nane. Mezani kwa Mama Sindano saba, na daftarini sahihi yake ya nane. Afande akakumbuka kwamba Ijumaa Mama Sindano alinisaidia kuvuta kamba za mwamvuli wa pili, ule aliouvaa Kimya. Hesabu ikajifunga yenyewe: kifuko ni cha mama, kiliteleza kutoka kwake kikaingia kwenye kazi yangu, na yeye alitia sahihi bila kuhesabu. Kifuko kupotea ni bahati mbaya. Sahihi ya uongo ni kosa la kumtoa mtu mezani na kazini.

"Mama, ulihesabu?" afande akamuuliza. Alimuuliza kwa adabu. Nusu ya watu wa chumba kile wamefundishwa na yeye.

Mama Sindano alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa koti. Aliangalia meza yake, akaangalia yangu.

"Nilihesabu," akasema. "Lakini kama ni saba, ni saba."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimeng'arishwa kwa ajili ya wageni.

Jumapili ilikuwa ya kusimuliwa. Majirani walikuja, mke wangu akaeleza, mama mkwe akaeleza upya kwa usahihi zaidi, na machale yangu yakawa kipaji cha ukoo ingawa ukoo ni wangu si wake. Nikanywa soda. Kila mtu akinisifu nilihisi joto linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na wao wakasema angalieni, hapendi kusifiwa.

Jumatatu nilimkuta Mama Sindano anapanga vitu vyake kwenye boksi: mkasi, kopo la vifungo, kitambaa cha kufutia cherehani. Alibakiza mwaka na miezi miwili astaafu. Chumba kilikuwa kitupu, wenzetu hawakutaka kuwepo. Nilifunga mlango.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Nilichukua cha kwako."

Aliendelea kukunja kitambaa.

"Najua, mwanangu. Vifuko hivyo nashona mimi. Cha kwangu kimoja kilichanika Jumatano nikakitia kiraka kwa uzi wa bluu. Jumamosi kilikuwa mezani kwako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe. Nilidhani unavuta pumzi."

"Mama, nisamehe. Nimekuonea. Unafukuzwa kwa ajili yangu."

"Usinililie mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Mimi nina nyumba, nina wajukuu, mgongo unauma. Kwenda nyumbani siogopi. Ninachoogopa ni kukuacha wewe hapa. Una miaka ishirini mbele yako ya kuwakunjia watu. Ukinieleza mimi peke yangu, mlango umefungwa, umemweleza nani? Mimi nilikuwa najua."

Akafunika boksi lake, akalikalia, kwa sababu miguu ilikuwa imemchosha. Hakunifukuza wala hakunibembeleza.

Ilikuwa saa nne, saa ya chai. Timu nzima ilikuwa kwenye kantini, na afande naye alikuwa pale, anakoroga sukari. Nilipoingia wakanipigia meza kwa vijiko, ndiyo heshima waliyonipa tangu Jumamosi. Nilisimama mlangoni mpaka wakanyamaza. Nilitaka kuanza mbali, na simu, na mke wangu, na jiko la chai. Tabibu alikuwa ananitazama, nikaona kwamba nikianza mbali sitafika.

"Kifuko kilichokuwa kwenye mwamvuli wa Kimya ni changu," nikasema. "Nilijua kimepotea tangu Ijumaa saa kumi. Nilichukua cha Mama Sindano nikatimiza hesabu. Sahihi ya mama ni ya kweli. Za uongo ni zangu, zote tano, na ya daftari ya sita. Hakuna machale."

Kijiko cha afande kilisimama ndani ya kikombe. Mtu wa baruti akasema tusi moja, polepole, bila kumlenga mtu. Tabibu akainamisha kichwa, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Kimya ndiye aliyeinuka. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kama siku ile ya uwanjani, nami nikakaza shingo, maana mkono wake mmoja ni sawa na miwili yangu. Ningefurahi angenipiga.

"Ijumaa usiku," akasema, "ulilala?"

Nilijua jibu analolitaka. Nililitaka hata mimi: kwamba niligaagaa, kwamba nilimwona anaanguka kila nilipofumba macho. Lingekuwa limemfaa kidogo, na mimi lingenifaa sana. Lakini Ijumaa ile nilirudi nyumbani, nikaoga, nikapiga pasi sare, nikamuuliza mke wangu mama yake anafika na basi la saa ngapi, nikazima taa.

"Nililala," nikamwambia. "Mpaka asubuhi."