Waya wa Kulia

Wifi aliingia bila hodi, akaisukuma cherehani kwa nyonga na kumwaga bisibisi zake mezani, juu ya kitambaa cha mteja. Mshonaji akakiokoa kitambaa. Tangu mumewe afariki miezi mitatu nyuma, yeye na dada huyu wa marehemu hawakuwa wakiongea, walikuwa wakirushiana maneno tu.

Kilichowakutanisha ni ndege. Ndege ya kurusha kwa rimoti, ya mtu anayejifunza, ya sponji ngumu nyeupe. Marehemu aliiunda kwa mikono yake hadi ikabaki kufungwa risiva tu, kile kidude cha ndani kinachosikia amri za rimoti. Wifi, fundi redio mwenye jina lake, alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba ndege isiyo na fundi ni takataka. Mshonaji alipandwa na hasira akamjibu: atakayeifanya itii rimoti, aichukue. Alijuta kabla hajafumba mdomo.

"Una bahati ndugu yangu alikuwa mtu wa mpangilio," alisema wifi, akizivuta nyaya mbili zilizochomoza pamoja katikati ya mabawa. Rangi moja, urefu mmoja, kila moja ikitoka kwenye kimota cha bawa lake. Moja ilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa KULIA. "Ona. Ungekuwa wewe ungeandika kwa chaki ya nguo."

"Fanya kazi, wifi."

"Na hati hiyo nzuri unajua imetoka wapi? Kwangu! Huyu alizaliwa mashoto. Mama alinipa leso, kila chakula namfunga mkono wa kushoto nyuma ya kiti. Mwaka mzima. Alilia mpaka akakauka, lakini akanyooka. Tulikukabidhi mwanamume aliyenyooka."

Mshonaji alichukua sindano akajifanya anatunga uzi. Aliikumbuka siku plasta ile ilipoandikwa, kwenye meza hii hii.

Wifi alichomeka plagi kwa madaha, upande mweusi wa kila plagi ukielekea ukingoni mwa risiva kama inavyotakiwa: ule wa plasta kwenye tundu la kulia, mwenzake la kushoto. Akavua pangaboi la mbele lisije likakata mtu vidole, akaunganisha betri. Taa ya risiva ikapepesa, ikatulia.

"Tafuta mfuko wa kuibebea," alisema, akasukuma fimbo ya rimoti kulia.

Ndege ikitakiwa kuinamia kulia, kibao kinachocheza nyuma ya bawa la kulia hunyanyuka. Hiki kilishuka. Kilichonyanyuka ni cha kushoto.

Akasukuma tena. Vilevile. Ikirushwa hivyo, itajipigiza chini kabla haijavuka paa. Wifi alikagua plasta, akakagua risiva, akasonya. "Lakini nimefuata maandishi yake!"

Mshonaji aliweka sindano chini. Akachomoa plagi zote mbili, akazibadilisha matundu, akasukuma fimbo. Kibao cha kulia kikanyanyuka bila ubishi.

"Umejuaje?"

"Mkono wa kulia ni ule unaolia chakula. Ndivyo alivyokuwa akisema hapa kila siku, akicheka, kijiko mkononi." Mshonaji aliinua mkono wa kushoto. "Wake ulikuwa huu."

"Mwongo mkubwa! Kwetu alikula kwa mkono wa kulia mpaka mwisho, mbele ya macho yangu!"

"Kwenu, ndiyo. Akirudi hapa anadai chakula upya."

Wifi aliketi kwenye kiti cha cherehani. Alikitazama kile kipande cha plasta muda mrefu, kidole chake kikipitapita juu ya herufi.

"Alianza tena lini?" aliuliza, sauti imemnywea.

Mshonaji angeweza kumwonea huruma. Hakutaka.

"Hakuanza tena, wifi. Hakuwahi kuacha."

Akazikusanya bisibisi moja moja, akamtia mkononi, akamfungulia mlango.