Pasaka Hakuanguka

...na bado hajasogea, amesimama pale pale kwenye kona ya banda, ubavu wa kulia ameuelekeza kwangu kwa sababu jicho la kulia ndilo lililobaki, ananitazama kwa hilo moja, hapepesi, na mimi nimenyoosha mkono juu ya uzio mpaka bega linawaka, majani mabichi haya, nimeyakata alfajiri kihambani kwetu Uru, shamba letu la ukoo, chini ya migomba, nikayabeba kichwani mpaka huku Rau, majani anayoyajua tangu alipokuwa ndama, kula basi, mbona jana ulikula mkononi mwa Primus, kijana wa kazi wa hapa, Primus mwenyewe ameniambia, anakula kwa kila mtu huyu, hata kwa mgeni aliyekuja kuomba samadi...

"Pasaka," nimesema, "Pasaka, njoo."

"Usimwite," anasema Mama Stella nyuma yangu. Amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, anamwosha punda kidonda cha mgongoni kwa maji ya chumvi, yule punda aliyekuwa akibebeshwa mawe ya kujengea mpaka ngozi ikachubuka yote, Mama Stella hata hainui macho. "Ukimwita anaisikia sauti. Nyamaza tu, usimame."

Anaisikia sauti, ndiyo, sauti anaijua, na saa zinakwenda, mume wangu Julius amesema saa nane atakuwa hapa na pikapu ya Filbert, wamefunga mbao ubavuni ili ng'ombe asiyumbe kwenye kona, wamefikiria kila kitu, kwa sababu dada yake Doris anafika leo jioni kutoka Dar na kesho ni misa ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama yao, na jambo la kwanza Doris atakaloliuliza ni ng'ombe wa mama yuko wapi, Julius ameliona hilo, mimi nimeliona hilo, Mama Stella peke yake ndiye halimsumbui, yeye neno lake ni moja tangu siku ya kwanza, akila mkononi mwako mchukue, asipokula anabaki, na ana karatasi ya bwana mifugo ndani kwenye kabati, hakuna wa kumbishia, mwanamke alikuwa nesi miaka thelathini, akastaafu, akageuza kiwanja chake kuwa mahali pa wanyama waliovunjwa, watu wa Majengo walimcheka mwanzoni, sasa wanamletea wenyewe, usiku wanawafunga getini na kukimbia, mbuzi aliyemwagiwa maji ya moto, dume lililokatwa mkia, na mimi sikumleta wangu, wangu aliletwa, mimi nilikuwa jikoni nimejifungia wakati wanampakia...

Primus anakata mgomba kule nyuma, panga linashuka, tep, na sikio la Pasaka linaruka, tep, linaruka tena, sio panga analoliogopa, ni ule mlio wa kitu kinachopiga, nisiutazame huo mkono wa Primus, nitazame majani, Jumamosi nane nimekuja hapa, nane, na watu njiani wananisalimu kwa heshima, Mama Fabian, unakwenda kumwona mgonjwa wako, una moyo wewe, ulimuuguza mama mkwe miaka miwili na sasa unamuuguza ng'ombe wake, na mimi nasema asante, nasema Mungu ndiye anayesaidia, na padre alinitaja madhabahuni, alisema akina mama mtazameni Mektrida, nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Miaka miwili, ndiyo, sikudanganya hapo. Julius ni kitinda mimba, kihamba ni chake, mama ni wake, kwa hiyo mama alikuwa wangu, nilipoolewa nilijua hivyo, ndivyo ilivyo kwetu, halafu bei ya kahawa ikaanguka, wakaja wanunuzi wapya na magari yao na mizani yao, wakaja na maneno matamu, mwaka uliofuata hawakuonekana, Julius akang'oa mibuni mistari miwili, akapanda nyanya, mvua za El Nino zikazichukua nyanya pamoja na udongo wake, akaenda Arusha kupaka rangi nyumba za watu, akawa anakuja mwisho wa mwezi, na mama akaanguka mlangoni siku ya Jumatano, upande mmoja wote ukafa, mkono, mguu, nusu ya mdomo, basi nikawa mimi, kumgeuza, kumwosha, kumlisha mtori kwa kijiko, unaingia huku unatokea kule, kufua, kukata majani, kumkamua Pasaka ambaye hakuzoea mikono yangu, alizoea ya mama, mama alimpa jina kwa sababu alizaliwa asubuhi ya Pasaka kengele zikilia, alikuwa akimwimbia anapomkamua, mimi siwezi kuimba.

Doris alipiga simu posta, alituma kitenge, alituma dawa ya kuchua, hakuja. Sikumchukia. Au nilimchukia, sijui, sikuwa na muda wa kujua.

Jicho lile linanitazama.

Ile siku ya mwisho mama alikuwa ameamka vizuri, nilimwosha, nilimpaka mafuta miguuni, nilikuwa nimeinama namvisha soksi, akaniwekea mkono kichwani, ule mkono mzima, akasema wazi kabisa, maneno hayakuwa yametoka wazi hivyo kwa miezi, "Doris, mwanangu, umekuja." Nikavuta soksi mpaka kisiginoni. Akasema tena, "Umekuja?" na macho yake yamejaa furaha, sijawahi kuyaona hivyo, nikasema, "Ndiyo, mama, nimekuja." Akasema, "Nilijua." Akasema, "Hawa hapa hawanijali." Hawa hapa... Hawa hapa ni nani kama si mimi, nani mwingine alikuwa mle ndani, na nikaendelea kumvisha soksi, ya pili, nikamfunika, na jirani yetu mzee Wenseslaus alikuwa mlangoni ameleta ndizi, alisikia lile jina, hakusikia mengine, na kwenye msiba akamwambia Doris mbele ya watu wote, mwanangu usilie sana, mama amekufa na jina lako mdomoni, na watu wakasema lo, bahati gani, wakamkumbatia Doris, nami nilikuwa natoa chai, nimeshika birika, nikapita katikati yao, samahani, samahani, chai.

"Mkono ukichoka ushushe," anasema Mama Stella. "Ng'ombe hana haraka."

"Haujachoka, mama."

Umechoka, unatetemeka, majani yanatetemeka, ndiyo maana haji, anayaona yanatetemeka, ngoja nishike uzio kwa mkono wa pili... hivyo. Doris aliondoka siku ya pili baada ya mazishi, kazi, ruhusa imekwisha. Julius siku ya tatu. Siku ya nne nilikuwa peke yangu na nyumba na kitanda kile, mwanangu Fabian yuko shule ya bweni, jioni nikaingia bandani kukamua na Pasaka hakutaka kutulia, aligeuza shingo kuutazama mlango wa nyumba, akalia, analia huku anautazama mlango, alikuwa akimwita mama, hakuna lingine, na nikasema tulia, nikasema mimi ndiye niliyepo, tulia, akapiga teke, ndoo ikaanguka, maziwa yakaingia kwenye samadi, na mimi nikasema, "Hata wewe!" Nakumbuka hilo tu kwa sauti, hata wewe, na mpini wa jembe ulikuwa umeegemea ukuta.

Alikuwa amefungwa. Hapa huwa naruka, kila Jumamosi nikifika hapa kichwani naruka, naenda kwenye maji ya kunawa, lakini leo saa nane inakuja na siwezi kuruka, alikuwa amefungwa kamba fupi kwenye nguzo, hakuwa na pa kwenda, nilimpiga mgongoni, nilimpiga nyongani kwenye ule mfupa uliochomoza, miguu ya nyuma ikamkunjika nikaendelea, alinyamaza, hilo ndilo, ng'ombe aliacha kulia nikaendelea, na lile la jicho sikulilenga, aligeuza kichwa kunitazama, ndiyo, aligeuza kichwa kunitazama mimi wakati ule ule. Kisha nikafunga mlango wa banda kwa nje, nikanawa mikono, nikasonga ugali, nikala. Nilikula wote.

Na siku mbili sikuufungua. Nilimsikia. Hilo silo la hasira, hasira ilikwisha kabla sijanawa mikono, hilo lilikuwa la woga, nilisema nikifungua nitaona, nisipofungua bado sijafanya, nikafagia uwanja, nikafua mashuka ya mama, Pasaka bandani analia kwa kiu, sauti inazidi kuwa nyembamba, mpaka mzee Wenseslaus akapenya kwenye uzio wa masale na ndoo ya maji mkononi, sikusema hata shikamoo, akafungua mlango wa banda mwenyewe, akakaa mle muda mrefu, akatoka.

"Mektrida," akasema. "Huyu mnyama hajanywa tangu lini?"

Nikaokota ufagio, naye akaendelea:

"Kanisani sitasema. Lakini kwa bwana mifugo naenda, na naenda sasa hivi."

Hajasema mpaka leo. Nikikutana naye njiani nasema shikamoo, anasema marahaba, ananitazama kama anasubiri kitu, na Julius nilimwambia ng'ombe alianguka kwenye mfereji, kamba ilikatika, akateleza, akaangukia mawe, akasema pole mke wangu, na mabalaa yote hayo ukiwa peke yako, akanishika mkono, na kwenye basi la Arusha alinitumia salamu na sukari kilo mbili.

Tep, anasema Primus na panga lake.

Wiki iliyopita nilifikiria kuchuma isale, jani letu la kuombea msamaha, jani lenyewe nililishika, nililete nimpe, kama mtu anavyompelekea mwenzake aliyemkosea, asiyeweza kulikataa, nikacheka peke yangu njiani, isale kwa ng'ombe, angelitafuna, au angelikataa kama anavyokataa haya, na yeye ana ruhusa, ndiyo tofauti, mtu ukimpelekea isale mbele ya ukoo amefungwa, lazima asamehe, ng'ombe hana ukoo wa kumsukuma... Sogea, Pasaka, hatua moja tu, sikuiti, nasema kimoyomoyo, hatua moja, chukua jani moja Mama Stella aone, halafu utakwenda nyumbani, utalala kwenye banda lako, na Doris atakukuta, atakushika shingo, atalia, atasema asante wifi, na Julius atasema unaona, amepona, na ile habari ya mfereji itakuwa kweli, jeraha la mfereji limepona, mambo yamekwisha, na mimi nitakuwa... nitakuwa yule anayetajwa na padre.

Ngoja.

Ngoja kwanza. Ni hilo ndilo ninalomwomba? Jumamosi nane napanda nateremka na mzigo kichwani, nadhani natubu, kumbe namwomba ng'ombe anifichie. Nataka ale mbele ya shahidi. Nataka mdomo wake ukigusa mkono wangu iwe kama haikuwa. Na nyumbani, bandani, nguzo ni ile ile, kamba ni ile ile, jioni ni mimi na yeye na Julius yuko Arusha, na siku moja atageuza shingo tena kuutazama mlango, na mimi najuaje, naapa kwa nani kwamba... hapana. Hapa anakula kwa kila mtu. Hapa alilala chini, Primus amesema, wiki ya pili alilala ubavu kabisa, ameinyoosha miguu, ng'ombe anayeogopa halali hivyo. Sikuwahi kumwona amelala hivyo kwetu.

Na mama naye, alivyosema hawa hapa hawanijali, nilijibu nini, sikujibu, nilikuwa Doris wakati ule, ningejibuje, na labda Doris anastahili kujua kwamba hakuitwa na mtu aliyekata tamaa, aliitwa na akaitika, kwa mdomo wangu, mama alikufa akiamini amekuja, hilo nimemnyima Doris miezi mitatu, nimemwachia lile jina tupu la mzee Wenseslaus, nikakaa na jibu peke yangu kama kitu nilichoiba. Nitamwambia vyote viwili, lile jibu na huyu ng'ombe. Nikimwambia kimoja bila kingine nitakuwa nimejipamba tena.



"Mama Stella."

"Naam."

"Mume wangu anakuja saa nane na pikapu."

"Ulishaniambia."

"Itarudi tupu." Sauti imetoka kavu, Pasaka amerudisha sikio nyuma, nateremsha sauti. "Nitamwambia mwenyewe hapa getini. Kwamba ng'ombe hakuanguka. Na wifi yangu nitamwambia usiku huu, kabla ya misa."

Maji ya chumvi yameacha kumwagika. Sitaki kugeuka, nikigeuka nitamwona anavyonitazama, iwe kwa huruma au vingine, na sitaki lolote kati ya hayo.

"Wakikufukuza?" anasema.

"Sijui, mama."

Sijui, kweli sijui, Julius ana mikono mizuri lakini ana ukoo, na Doris ana mdomo, na mama mwenyewe yuko pale chini ya migomba amelala anamsubiri padre, na Fabian atasikia huko shuleni, ataandika au hataandika... na ajabu ni kwamba ile presha ya saa imeondoka, saa nane ije, tena ije upesi kabla sijajirudi.

"Jumamosi ijayo utakuja?" anasema Mama Stella, na maji yameanza tena.

"Wakiniacha nipate majani nitakuja. Nitayaacha kwa Primus."

Pasaka hajasogea. Amesimama kwenye kona ile ile, jicho moja, hapepesi, anatafuna kitu alichokula kwa mtu mwingine, na mkono wangu bado uko juu ya uzio kwa sababu sijaushusha, na sasa najua kwamba hatakuja, si leo, labda si kamwe, na ninamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu siku ile namtazama upande ule mwingine anapogeuza shingo kufukuza nzi, lile jicho lililofumba, kovu lake, jinsi nyusi ilivyoshuka, nalitazama mpaka mwisho, siruki.

Nje, mbali, barabarani, kuna gari linapanda, linabadilisha gia.